Hii Inauzika

Jumatano ya wiki ya kwanza ya semista, saa nne asubuhi, mvua ya masika inapiga bati la studio mpaka hatusikilizani. Nimeshika brashi ya inchi nne. Miguuni pangu kuna ndoo ya rangi nyeupe ya maji, ile ya kupakia dari, na mbele yangu ipo picha niliyoichora semista iliyopita: akina mama watatu wa Muheza wamekaa kando ya barabara na mafungu yao ya machungwa.

Nilianzia juu kushoto, kwenye anga, maana anga haina uchungu. Nikashuka kwenye miti, nikashuka kwenye paa la kibanda. Nilipofika kwenye uso wa mama wa kwanza, yule mwenye kanga ya bluu, mkono ukasita.

Kisha nikapaka.

Mwenzangu wa chumba alikuwa dirishani anamalizia mihogo yake ya kukaanga. "We! Si ndiyo ile iliyokupa B+?" Nikamjibu bila kugeuka: bumu (hela ya mkopo) halijaingia, kanvasi sina, na kazi ya kwanza inatakiwa Jumatatu. Akacheka. Akatoa simu, akanipiga picha kwa nyuma, akaitupia WhatsApp ionwe na watu wake wote, na maneno matatu juu yake: "Maisha ya usanii."

Hakuwa na nia mbaya. Ila katika hao watu wake yumo baba yangu. Walipeana namba mwaka wa kwanza nilipougua malaria, akawa yeye ndiye wa kumpa mzee taarifa.

Saa saba mchana simu ikaita.

## Mishono

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mmeshindaje huko? Mvua?"

Tukaongea mvua. Tukaongea mguu wa bibi. Baba yangu hajui kuuliza jambo moja kwa moja, lazima alizunguke kwanza kama mtu anayetafuta mlango wa uani. Mwishowe akasema, "Nimeona rafiki yako kaweka picha. Unapaka kitu cheupe. Nikajiuliza, hicho si kitambaa changu? Nimeuona mshono."

Hapa inabidi niueleze huo mshono. Baba ni fundi cherehani. Anakaa kwenye baraza la duka la watu, Muheza mjini, zaidi ya miaka thelathini kwenye kiti kilekile, ingawa mto wa kukalia umebadilishwa mara nyingi. Semista iliyopita nilitaka kanvasi kubwa, sentimita 150 kwa 120, na kanvasi za dukani za ukubwa huo bei yake ni ya watu wengine. Nikamwomba marikani. (Jina hilo ni Marekani yenyewe. Karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha majora ya pamba Zanzibar, kitambaa kikapanda na misafara mpaka bara ndani huko, kikafika mahali watu wanakipokea kama fedha. Leo tunakinunua kwa ajili ya sanda, mifuko ya mito na, wachache wetu, kwa kuchorea.)

Marikani aliyoipata ilikuwa nyembamba, upana haufiki mita. Akaunga vipande viwili. Na hakuunga hivihivi: alizikunja kingo zote mbili, moja ikaingia ndani ya nyingine, akazilaza, akapiga mistari miwili sambamba kama ya suruali ya jinzi. Nilipoiwamba kwenye fremu, mshono ukapita katikati kutoka kushoto kwenda kulia, umenyooka kama rula. Nikaupaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, nikapiga nyeupe mikono miwili, nikasugua kwa msasa, bado ukawa unaonekana. Basi nikaacha kushindana nao. Nikaufanya ukingo wa barabara, na akina mama wakakaa juu yake.

Sasa baba ameuona, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, zaidi ya kilomita 300 kutoka nilipo.

"Hapana baba," nikasema. "Hiyo ni nyingine. Ile ya machungwa imehifadhiwa, iko ofisini kwa mwalimu."

"Ahaa. Maana nimeona mshono."

"Mishono inafanana baba."

Nilimwambia fundi cherehani kwamba mishono inafanana.

Akanyamaza. Nilisikia cherehani ya mwenzake ikikimbia kwa nyuma, halafu ikasimama. "Haya mama," akasema. "Soma vizuri."

## Usanii

Hiyo ilikuwa wiki nane zilizopita. Nimejaribu kuandika juu ya mambo mengine tangu siku hiyo, hayaandikiki.

Nianze na neno lile la mwenzangu. Siku chache kabla, nikirudi chuo, nilikaa kwenye basi na baba mmoja wa makamo aliyepandia Segera. Akaniuliza nasoma nini, nikamwambia sanaa. "Vizuri, HKL ile?" Alidhani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Hapana, nikamwambia, nachora. "Kuchora." Akalirudia neno kama anayeonja mchuzi. "Chuo kikuu?" Tulipofika Chalinze alikuwa ameshanipa mpango kamili wa kuhamia ualimu, na mtu wa kumwona, na mahindi mawili ya kuchemsha, kwa hiyo siwezi kumsema vibaya.

Wengine wakisikia msanii wanauliza ninaimba nyimbo gani. Nikisema siimbi, uso unabadilika kidogo, kama nimekiri jambo. Na mtaani usanii tumeshaugawa kwa matapeli. Fundi simu akikuzungusha wiki mbili unamwambia acha usanii. Mwanasiasa akiahidi kisima, watu wanasema huo usanii tu. Hata kitenzi chetu hakikusalimika: ukijiaibisha mbele za watu, unaambiwa umejichora.

Huwa nayacheka hayo. Nilikuwa hata na utani wake tayari kwa ajili ya watu wa kwenye basi.

Lakini nilipokata simu ya baba, nikaona yale maneno matatu yalikuwa na ukweli wote, kwa maana zote mbili.

## Viti

Kila semista darasa letu huanza kwa kuhesabu viti. Studio ina stuli 31, idadi tuliyoanza nayo mwaka wa kwanza. Sasa tuko 22. Mambo ya usajili, foleni, namba ya malipo inayogoma, ratiba yenye vipindi viwili saa moja, mnayajua, sina la kuongeza. Ila zile stuli tisa hazijazoeleka. Tunaziwekea makopo ya maji na matambara ya kufutia brashi, tena bila kukubaliana, kila mtu ameona tu kwamba hazikaliwi.

Waliodisko, yaani waliofeli wakaondolewa, ni watatu. Waliobaki waliondoka kwa miguu yao. Mmoja anafunga dari za jipsamu Kigamboni, yale maua ya katikati anayachonga mwenyewe, ana pikipiki. Mmoja anachapa mabango ya misiba na harusi. Na mmoja, ambaye alikuwa anachora kutuzidi sote, anapaka maharusi piko.

Huyu nilikutana naye Kariakoo Jumamosi kabla ya semista kuanza. Nilikuwa natoka kuuliza bei ya akriliki na kurudi nyuma, boksi la rangi 12 wanataka sh. 48,000. Mstari wake huyu dada ulikuwa hauna woga. Sisi wengine tukichora mkono wa mtu tunaukunakuna, tunafuta, tunarudia. Yeye alikuwa anaanzia begani anatokea kwenye kidole bila kunyanyua penseli. Akaniuliza mmefika wapi. Nikamwambia tunaanza utungaji wa juu, kazi ya kwanza tumeshatumiwa: Mahali Pasipo na Mtu.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi kila mahali pangu pana mtu," akasema, "na ananilipa kabla hajanyanyuka."

Akaninunulia juisi ya miwa. Niliinywa nikiwa na hasira na sikujua ni ya nini.

## Neno lenyewe

Hasira nadhani ilianzia hapa.

Mwisho wa semista iliyopita, siku ya kupitia kazi, tulitundika picha zetu ukutani tukasimama kila mtu kando ya yake, kama wafanyabiashara wa mnada. Mwalimu hupita na karatasi yake. Kwa mwenzangu wa kushoto, aliyekuwa amechora sahani ya ugali iliyoachwa mezani na nzi wawili, alisimama dakika kumi nzima. Kwa nini nzi wawili na si mmoja? Huyu aliyeacha ugali ameitwa au amekasirika? Mbona kivuli cha sahani kinakwenda kinyume na cha meza? Mwenzangu alikuwa anatoka jasho. Walibishana mpaka wengine tukasogea kusikiliza.

Kisha akaja kwangu. Aliitazama picha ya machungwa kwa muda wa mtu anayesoma bango la barabarani. Akatabasamu.

"Hii inauzika," akasema, akaandika kitu, akaenda kwa anayefuata.

Mwenzangu wa sahani alipata B. Mimi nikapata B+. Akanipongeza, nami nikasema asante, na usiku kucha nikawa namwonea wivu. Yeye alibishiwa. Mimi nilipewa bei.

Inauzika. Nikaanza kuiona picha kwa macho ya lile neno. Kanga zile tatu, kila moja na rangi yake safi kama za kwenye kalenda. Machungwa niliyoyapaka kwa unene, yanameta. Akina mama wanatabasamu wote, na mimi nimepita pale barabarani maisha yangu yote, najua hakuna anayetabasamu ikiwa basi halijasimama. Nilikuwa nimechora Muheza ya mtu anayeshusha kioo cha gari.

Au sivyo. Siku nyingine nilikuwa naiangalia nikaona ni picha nzuri tu.

## Kwa wachora twiga

Likizo fupi ilipoanza nilikaa Dar siku mbili za ziada nikaenda Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Nikiri kwamba nilikwenda kwa kiburi. Nilitaka kuona kitu kinachouzika kinafananaje, nijipime nimekaribia kiasi gani.

Habari za mwanzilishi tunafundishwa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, hakukanyaga chuo cha sanaa. Alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Kazi zikawa zinauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, hapohapo Oysterbay, kwa wageni wa mitaa ile. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na mpaka leo kuna mamia ya watu wanaoishi kwa mkono wake.

Nilikaa kwenye kibao karibu na mzee mmoja aliyekuwa anatia madoa chui. Rangi alikuwa ameimimina kwenye vifuniko vya makopo. Doa, doa, doa, anazungusha ubao badala ya kuzungusha mkono. Aliponisikia ni mwanafunzi hakuacha kazi. "Huko wanawafundisha nini?"

Nikamwambia mambo ya utungaji, mtazamo wa karibu na mbali, historia.

"Na kuuza?"

"Hapana."

Doa, doa. "Chui huyu," akasema, "nimemchora labda mara elfu mbili. Amesomesha watoto watatu. Mmoja yuko chuo kama wewe." Halafu akaniomba nisogee, nilikuwa namkinga mwanga.

Sikupata jibu la kiburi changu. Yule chui wa mara ya elfu mbili hana hatia yoyote, na bado sitaki kumchora. Yote mawili ni kweli na hayasaidiani. Nilichojifunza kwa uhakika ni cha vifaa: hadibodi na rangi ya baiskeli zilikuwa vitu vya bei nafuu vilivyokuwepo mtaani, kama marikani ya baba na rangi yangu ya dari. Huyo Tingatinga hakungoja bumu.

Mtu mwingine ninayemfikiria sana, na ambaye wenzangu wengi hawamtaji, ni Sam Ntiro. Huyu alisoma: Makerere, kisha shule ya sanaa ya Slade kule London, miaka ya 1950. Tanganyika ilipopata uhuru alikuwa mwakilishi wetu wa kwanza London, cheo cha balozi. Ungetegemea mtu wa namna hiyo achore mambo makubwa. Yeye alichora Uchagani. Migomba, njia za kijijini, watu wakivuna, watu wakienda sokoni, maisha yake yote. Ipo picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Leo iko makumbusho ya MoMA, New York.

Kwa hiyo nayo iliuzika. Tofauti yake na machungwa yangu ni nini? Nimeitazama kwenye simu mara nyingi, nikikuza kwa vidole viwili mpaka inavunjika kuwa vijiraba. Ninachoweza kusema ni kwamba wale wanaume hawamwangalii mtu. Wana safari yao. Mama zangu watatu wote walikuwa wananiangalia mimi.

## Kanvasi nne

Sasa jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka kama baba.

Nilimwambia mwenzangu kwamba sina kanvasi. Nilikuwa nazo nne. Mbili za mazoezi ya rangi, zenye viboksi tu, hakuna ambaye angezililia. Moja ya mlinzi wa geti ambaye alikubali kukaa tumchore, lakini nikamharibu pua nikamwacha. Zote zilikuwa chini ya kitanda. Na ile ya machungwa.

Bumu liliingia Ijumaa ya wiki ileile, siku mbili baada ya kupaka. CR, kiongozi wa darasa, alikuwa ameshatutangazia tangu Jumatatu kwamba majina yametoka, tusaini. Nilijua.

Chuoni kwetu umaskini ni sababu isiyohojiwa. Ukisema sina hela, mtu anainama, anakupa nusu ya chipsi zake, mazungumzo yamekwisha. Nilijificha humo. Ukweli ni kwamba nilitaka ile picha isiwepo. Nilitaka semista ianze bila ushahidi kwamba mimi ni mtu wa kutazamwa sekunde tano.

Na katika kuitoa sikukumbuka hata mara moja kwamba nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine. Baba alikuwa ameshawaambia wateja. Mama mmoja aliyeleta kitenge cha kushonwa alinipigia simu, kwa simu ya baba, kuniuliza kama kweli mimi ndiye nachora Muheza. Mpango ulikuwa nimpelekee picha likizo ya mwisho wa mwaka, aitundike barazani juu ya cherehani yake. Hayo yote niliyajua, yalikuwa kichwani mahali fulani, kama funguo unazozitafuta huku umezishika.

## Chini kuna nini

Ile kazi ya Mahali Pasipo na Mtu nilichora korido ya hosteli saa kumi alfajiri. Milango, ndoo moja, taa inayokufa. Nilidhani nimefanya jambo zito.

Tatizo ni kwamba yale machungwa nilikuwa nimeyapaka kwa kisu, rangi imesimama. Nyeupe ya dari inafunika rangi, haifuniki kimo. Asubuhi mwanga ukiingia kutoka ubavuni, sakafu ya korido yangu inakuwa na mapele ya duara, mafungu kwa mafungu, na mshono umekatiza katikati ya milango. Nilijaribu msasa. Machungwa matatu yakatoboka, rangi ikachungulia.

Mwalimu alipofika aliinama. Akapitisha kiganja juu ya picha, kitu ambacho anatukataza sisi.

"Chini kuna nini?"

"Machungwa, mwalimu."

"Yale ya Muheza? Mbona umeyafuta?"

Nikakaa kimya. Kisha nikasema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyopanga miezi yote ile, "Ulisema inauzika."

Alinitazama kama mtu aliyetajiwa deni la zamani. "Mimi?"

"Siku ya kupitia kazi."

Akakuna kidevu. Wenzangu walikuwa wameacha kuchora. Nilishajiandaa kwa somo zima juu ya sanaa na soko, nilikuwa hata na hoja zangu, Ntiro, chui, vyote. "Sikumbuki," akasema. "Kama nilisema, basi nilikuonea wivu. Mimi kazi ya mwisho niliuza sijaoa."

Watu wakacheka. Sijui kama alitania. Akaendelea kubishana nami juu ya ile ndoo, kwamba ndoo ni mtu, mahali penye ndoo pana mtu tayari, na tukabishana dakika ngapi sijui, na nilikuwa natoka jasho. Nikapata kile nilichokitaka, na katikati yake nikawa nafikiria kioo cha simu kilichopasuka.

Neno ambalo nilibomolea picha, mwenyewe aliyelisema halimo kichwani mwake. Alilidondosha akipita.

## Msumari

Jumapili iliyopita, baada ya magharibi, nilipiga simu. Nilimpigia saa ambayo najua amefunga cherehani na hajaanza kula.

Nilizunguka. Mvua. Mguu wa bibi. Bei ya nyuzi.

"Baba," nikasema, "ule mshono ulikuwa wako."

"Najua."

Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo ikaniuma zaidi. Nikamwambia yote, pamoja na zile kanvasi chini ya kitanda. Nikamwambia neno la mwalimu. Hakulielewa, au alilielewa akaona si la kuzungumza. Aliuliza, "Hiyo nyeupe uliyopaka ni rangi gani?"

"Ya maji. Ya dari."

"Ya dari! Inakakamaza kitambaa hiyo. Kitakatika kwenye mkunjo. Mshono umeshika?"

"Umeshika baba."

"Hapo pembeni, kwenye pini, angalia. Ndipo panapoanza kuchanika." Akakohoa. "Mimi nilishapiga msumari ukutani. Wa inchi tatu, maana fremu uliniambia nzito."

Nikasema nisamehe. Akasema hakuna neno. Nikasema nitachora nyingine, na kabla sijamaliza akaniuliza, "Ya machungwa?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Sijui baba. Sijui itakuwa ya nini."

Kimya. Nilimsikia anavuta kiti.

"Haya mama," akasema. "Kwa sasa natundikia futi yangu."